Kutuma barua pepe kupitia intaneti ya kupiga simu bila kunaswa na vichujio vya barua taka: mwongozo kamili

Barua imeandikwa vizuri, anwani ya mpokeaji ni sahihi, modemu imeshika laini, na bado seva ya upande wa pili inajibu 550 au 554 na kuikataa. Mara nyingi kosa halimo ndani ya barua, limo kwenye anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti) iliyoipeleka. Mwongozo huu unaeleza kwa nini hali iko hivyo, namna ya kupanga mashine yako ili barua zipite, na namna ya kupanga kichujio, kama wewe ndiye unayesimamia seva, ili usiwaumize watu wanaotuma kwa njia halali. Yaliyomo yanawahusu wanaotumia modemu ya simu na pia yeyote ambaye IP yake hubadilika kila anapounganishwa.

Kwa nini anwani ya kupiga simu haiaminiki

Unapopiga simu na kuunganishwa, mtoa huduma anakuazima IP kutoka kwenye fungu lake. Ukikata, inarudi kwenye fungu, na dakika chache baadaye inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo seva inayopokea barua haiwezi kuijengea IP hiyo jina zuri wala baya, kwa sababu anayebisha hodi sasa si yule aliyebisha jana.

Watuma barua taka waliliona pengo hili mapema. Miaka ya 1990 walifungua akaunti za kupiga simu za kutumia na kutupa, wakapeleka maelfu ya barua moja kwa moja kwenye seva za wapokeaji, kisha wakahama kabla akaunti haijafungwa. Baadaye, hasa kuanzia 2003 na virusi kama Sobig, kompyuta za watu wasio na habari ziligeuzwa kuwa mitambo ya kutuma taka. Jibu la wasimamizi wa seva lilikuwa kutengeneza orodha za anwani za aina hii: kwanza DUL ya MAPS, kisha DUHL ya SORBS, na leo kubwa kuliko zote ni PBL ya Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka. SORBS yenyewe ilifungwa Juni 2024, kwa hiyo ukikuta mpangilio wa zamani unaoielekea, uondoe.

Jambo moja lieleweke kabla ya hatua yoyote: PBL si orodha ya wahalifu. Watoa huduma wengi huingiza humo anwani zao wenyewe. Kuwemo kwako kunasema tu kwamba kutoka anwani hii barua hazitakiwi kwenda moja kwa moja kwenye seva ya mpokeaji. Usipoteze siku ukiomba kuondolewa. Kuondolewa kunamfaa mwenye IP ya kudumu anayeendesha seva yake halisi. Kwa IP ya kuazima, hata ukifanikiwa, kesho utakuwa na anwani nyingine. Dawa ni kumkabidhi barua yako mtu anayekufahamu kwa jina na nenosiri, yaani seva ya kupitishia barua, naye aipeleke kwa jina lake.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni lipi

Soma jibu la kukataliwa neno kwa neno. Ukiona humo neno la PBL, DUL, «dynamic» au jina la zen.spamhaus.org, basi ni suala la anwani. Ukiona 554 yenye maneno «Relay access denied», umefika kwenye seva ya kupitishia lakini hukujitambulisha. 535 ni jina au nenosiri lisilo sahihi. 530 inataka kwanza uwashe usimbaji (kuyafunga mawasiliano yasisomwe na wengine) au ujitambulishe. 552 inasema barua ni kubwa kupita kiasi. Namba zinazoanza na 4, kama 421 au 451, maana yake ni ujaribu tena baadaye.

Kuangalia kama IP yako ya sasa imeorodheshwa, igeuze nyuma mbele, sehemu kwa sehemu, kisha uulize DNS, mfumo unaotafsiri majina ya intaneti kuwa anwani. Kwa anwani 203.0.113.45:

    dig +short 45.113.0.203.zen.spamhaus.org A

Usipopata jibu lolote, haimo. Jibu 127.0.0.10 ni PBL iliyowekwa na mtoa huduma, 127.0.0.11 ni PBL iliyowekwa na Spamhaus wenyewe. Lakini 127.0.0.4 ni XBL, na hiyo ni habari nyingine: kuna mashine iliyoambukizwa nyuma ya anwani hiyo. Kata simu, piga tena upate IP mpya, uulize tena. Kama XBL inakufuata kila baada ya muda kwenye kila IP unayopewa, safisha kompyuta yako kabla ya kuendelea. Kama imetoweka, ulikuwa umerithi uchafu wa aliyekutangulia.

Angalizo: ukiuliza kupitia seva za DNS za umma zinazotumiwa na dunia nzima, unaweza kurudishiwa 127.255.255.254. Hilo ni kosa la njia ya kuuliza, si kuorodheshwa. Uliza kupitia seva ya DNS ya mtoa huduma wako au ya kwako mwenyewe.

Kisha jaribu poti 25, mlango ambao seva hupokelea barua kutoka kwa seva nyingine:

    nc -v mx.example.net 25

Ikikaa kimya hadi muda uishe, mtoa huduma amefunga poti hiyo kwa wateja wa kupiga simu, jambo la kawaida kabisa. Ikifunguka, soma mstari wa kwanza unaoanza na 220. Jina likiwa la mtoa huduma wako badala ya la seva uliyoiita, basi barua zako zinageuzwa njia kimyakimya na kupitishwa kwake. Hali hiyo husumbua sana anayejaribu kutafuta tatizo bila kuijua, kwa sababu kila seva anayoigusa inaonekana ileile.

Hatua ya 2: Tafuta seva ya kupitishia

Una chaguo tatu: seva ya mtoa huduma wa intaneti, seva ya huduma yako ya barua pepe, au seva yako mwenyewe iliyoko kwenye kituo chenye IP ya kudumu. Tunapendelea ya pili au ya tatu. Seva ya mtoa huduma wa intaneti mara nyingi hukubali barua ukiwa kwenye laini yake tu, na siku ukipiga simu kupitia mtandao mwingine unabaki bila njia.

Poti ni 587 au 465. Poti 587 ilitengwa rasmi kwa kazi hii tangu 1998: mawasiliano huanza wazi, kisha amri ya STARTTLS huwasha usimbaji. Poti 465 husimbwa tangu mwanzo, na tangu 2018 mwongozo wa RFC 8314 unaipendekeza. Zote mbili ni sahihi. Poti 25 waachie seva zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe.

Wapo bado wanaotumia mbinu ya zamani ya kusoma barua kwanza kwa POP3 (njia ya kupakua barua kutoka kwenye seva) ndipo IP iruhusiwe kutuma kwa dakika kadhaa. Iacheni. Kwenye laini ya kupiga simu, ukikata ndani ya dakika hizo, mwenzako anayepewa IP yako anarithi ruhusa yako ya kutuma.

Hatua ya 3: Panga programu ya barua

Kwa anayetumia programu ya kawaida ya barua kwenye kompyuta, kazi ni ndogo. Kwenye mipangilio ya seva ya kutuma weka jina la seva, poti 587 na STARTTLS (au 465 na TLS, yaani usimbaji wenyewe, tangu mwanzo), jina kamili la mtumiaji, ambalo kwa kawaida ni anwani yote ya barua pepe, na nenosiri. Kama akaunti ina uthibitisho wa hatua mbili, nenosiri la kawaida litakataliwa kwa 535; tengeneza nenosiri maalumu la programu kwenye mipangilio ya akaunti.

Kompyuta za zamani, ambazo ndizo hukutwa sana nyuma ya modemu, zina mitego miwili. Programu isiyojua TLS 1.2 haitaunganishwa na seva nyingi za leo, kwa kuwa TLS 1.0 na 1.1 ziliachwa rasmi 2021. Na betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa hurudi miaka nyuma, vyeti vyote vinaonekana batili, na barua zinatoka na tarehe za ajabu ambazo vichujio huzipa alama mbaya. Rekebisha saa kwanza.

Hatua ya 4: Postfix kwenye mashine ya nyumbani

Anayetaka foleni yake mwenyewe, aandike barua akiwa nje ya mtandao kisha zote ziondoke kwa mkupuo simu ikishika, atafaidika sana na Postfix, programu ya seva ya barua. Kwenye /etc/postfix/main.cf weka:

    myhostname = nyumbani.example.com
    mydestination = localhost
    relayhost = [smtp.example.com]:587
    smtp_sasl_auth_enable = yes
    smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
    smtp_sasl_security_options = noanonymous
    smtp_tls_security_level = secure
    smtp_tls_CApath = /etc/ssl/certs
    smtp_generic_maps = hash:/etc/postfix/generic
    defer_transports = smtp
    smtp_destination_concurrency_limit = 1

Kila mstari una kazi yake, na wa kuangaliwa zaidi ni hii.

Mabano ya mraba kwenye relayhost yanazuia Postfix isitafute rekodi ya MX ya jina hilo, ile inayotaja seva ya kupokelea barua za kikoa. Ukiyasahau, barua inaweza kwenda kwenye seva ya kupokelea badala ya ya kupitishia. Maandishi kwenye faili la nenosiri lazima yafanane na relayhost herufi kwa herufi, mabano na poti vikiwemo:

    [smtp.example.com]:587    jina@example.com:nenosiri

Kisha:

    chmod 600 /etc/postfix/sasl_passwd
    postmap /etc/postfix/sasl_passwd

Ukifuta au kubadilisha nenosiri bila kurudia postmap, Postfix itaendelea kutumia la zamani.

Usiingize example.com kwenye mydestination. Ukifanya hivyo mashine yako itajiona ndiyo mwisho wa safari wa barua za kikoa hicho. Barua kwa wenzako wa kikoa kilekile zitakataliwa au zitakaa humohumo kwenye diski, wakati za watu wengine wote zinafika. Kosa hili huchukua muda mrefu kugunduliwa kwa sababu kila kitu kingine kinafanya kazi.

Mstari wa smtp_generic_maps ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mashine ya nyumbani hujiita kwa jina lisilojulikana kwenye intaneti, na barua hutoka na anwani ya bahasha (ya mtumaji, ambayo seva huonyeshana, tofauti na ya From inayosomwa na mpokeaji) kama jina@nyumbani.example.com. Seva ya kupitishia itaikataa, au ikiipitisha, mpokeaji atashindwa kuthibitisha kikoa. Kwenye faili /etc/postfix/generic andika jozi ya anwani, ya ndani kushoto na ya kweli kulia:

    jina@nyumbani.example.com    jina@example.com

kisha uendeshe postmap juu yake pia.

Kiwango «secure» kinakagua cheti na jina la seva. Kiwango «encrypt» husimba bila kukagua unazungumza na nani, na hapo nenosiri lako linaweza kuishia kwa mtu aliyejiweka katikati. Kwa poti 465 ongeza smtp_tls_wrappermode = yes na ubadilishe namba ya poti kwenye mafaili yote mawili.

Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye Debian na ndugu zake ni «no mechanism available» au «no worthy mechs found». Moduli za kujitambulisha hazijasakinishwa. Sakinisha kifurushi libsasl2-modules na tatizo linakwisha.

Hatua ya 5: Foleni na laini nyembamba

Mstari defer_transports = smtp unaiambia Postfix isijaribu kupeleka chochote yenyewe. Bila huo, kila barua unayoandika ukiwa umekata simu itasababisha jaribio, na kwenye mashine inayopiga simu yenyewe ikiona haja, modemu italia usiku kucha. Barua zinasubiri kwenye foleni hadi uamuru. Amri hiyo iweke kwenye hati inayoendeshwa laini inaposhika, kwa kawaida /etc/ppp/ip-up:

    /usr/sbin/sendmail -q
    sleep 10
    while mailq | grep '^[^ ]*\*' >/dev/null
    do
      sleep 10
    done

Kitanzi hicho kinasubiri hadi kila barua ijaribiwe walau mara moja. Alama ya nyota kwenye mailq inaonyesha barua iliyo njiani wakati huo. Baada yake unaweza kuweka amri ya kukata simu.

Mstari wa mwisho wa main.cf unapunguza idadi ya maunganisho ya sambamba. Kwa kawaida Postfix inaweza kufungua hadi 20 kuelekea sehemu moja, na ukiwa na relayhost barua zote zinaelekea sehemu moja. Kwenye laini nyembamba maunganisho hayo hunyang'anyana nafasi, kila moja linakwenda kwa kujikokota, na yote yanaweza kuishiwa muda kwa pamoja. Barua zikienda moja baada ya nyingine, foleni nzima inamalizika mapema zaidi.

Sasa hesabu ya ukubwa. Modemu ya V.90 hupakua kwa hadi kilobiti 56 kwa sekunde, lakini kupakia ni hadi 33.6 tu. Kiambatisho nacho hakisafiri kilivyo. Hugeuzwa maandishi kwa base64 na kuongezeka zaidi ya theluthi moja. Faili la MB 1 linakuwa takriban MB 1.37, na hali ikiwa nzuri kabisa litachukua dakika tano na nusu. La MB 10 linakaribia saa nzima, na laini ikikatika dakika ya 50 unaanza upya, kwa sababu SMTP, lugha ambayo seva hutumia kutumiana barua, haina namna ya kuendelea ilipoishia. Punguza picha kabla ya kutuma, na kubana faili kwa zip kunasaidia maandishi na majedwali. Kwa picha za JPEG hakuna unachopata.

Seva nzuri hutangaza kikomo chake kwa neno SIZE mara tu baada ya EHLO, salamu ya kwanza ya anayetuma. Kikiwa 10485760, ujue ni ukubwa baada ya base64, kwa hiyo faili lako halisi lisizidi takriban MB 7.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mkono

Kabla ya kulaumu programu, zungumza na seva mwenyewe:

    openssl s_client -starttls smtp -crlf -quiet -connect smtp.example.com:587

Andika EHLO nyumbani.example.com na utafute mstari wa AUTH. Ukitumia njia isiyosimbwa hutauona, kwa kuwa seva nyingi huficha AUTH hadi usimbaji uwake. Kupata maneno ya kujitambulisha kwa AUTH PLAIN:

    printf '\0jina@example.com\0nenosiri' | base64

Tuma AUTH PLAIN ikifuatiwa na matokeo hayo. Jibu 235 maana yake umekubaliwa. Usipoweka neno -quiet kwenye amri ya openssl, mstari unaoanza na R kubwa, kama RCPT TO, hautafika kwenye seva. Openssl huuchukua kama amri yake yenyewe. Wengi huchanganyikiwa hapo, wakidhani seva imegoma.

Hatua ya 7: Rekodi za kikoa chako

Ukituma kwa kikoa chako mwenyewe, usiweke IP ya kupiga simu kwenye rekodi ya SPF, ile inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. SPF huangalia IP inayobisha kwenye seva ya mpokeaji, na hiyo ni ya seva ya kupitishia. Rekodi inatosha iwe hivi:

    v=spf1 include:_spf.example.net -all

Iwe moja tu kwa kikoa. Zikiwa mbili, zote zinahesabika kuwa kosa. Na maswali ya DNS inayoyazalisha yasizidi 10.

DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, ni rafiki mkubwa wa mwenye IP ya kuazima. Sahihi yake imo ndani ya barua na inafungamana na kikoa, haijali barua ilitoka kwenye laini gani. Huduma nyingi za kupitishia hutia sahihi zenyewe ukiweka ufunguo wa wazi kwenye DNS. Hakikisha kikoa kilicho kwenye d= ndicho kilicho kwenye anwani ya From, la sivyo DMARC, kanuni inayolinganisha anwani ya From na matokeo ya SPF na DKIM, haitaihesabu. Tangu Februari 2024 Gmail hudai kila mtumaji awe walau na SPF au DKIM, rekodi sahihi ya PTR (jina ambalo DNS hutoa ikiulizwa kwa IP) kwa IP inayotuma, na usimbaji. Anayewatumia zaidi ya barua 5000 kwa siku anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja. PTR hapo ni ya seva ya kupitishia, si ya kwako.

Hatua ya 8: Kwa anayesimamia seva inayopokea

Sehemu hii ndiyo inayokosewa zaidi, na wanaoumia ni watumaji waliofuata kila sheria.

Orodha ya aina ya PBL ipimwe kwenye IP moja tu: ile inayobisha mlangoni kwako wakati huo. Usiipime kwenye mistari ya Received iliyo ndani ya barua, ambayo kila seva huiongeza barua inapopita. Barua halali ya mtu wa modemu ina mistari miwili au zaidi: wa chini unaonyesha IP ya kupiga simu ikikabidhi barua kwa seva ya kupitishia, na wa juu unaonyesha seva hiyo ikikabidhi kwako. Ukipima mstari wa chini, unamwadhibu mtu kwa kupita njia uliyomwambia apite.

Kwenye Postfix, mpangilio ni suala la mfuatano:

    smtpd_recipient_restrictions =
      permit_mynetworks,
      permit_sasl_authenticated,
      reject_unauth_destination,
      reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]

Waliojitambulisha wanaruhusiwa kabla orodha haijaulizwa. Ukiiweka reject_rbl_client juu ya permit_sasl_authenticated, unafungia nje wateja wako wote walio nyumbani. Mabano ya mwisho nayo ni ya lazima: bila hayo, jibu la kosa kama 127.255.255.254 litachukuliwa kuwa kuorodheshwa, na seva yako itakataa barua za dunia nzima.

Kwa poti 587, kwenye master.cf:

    submission inet n - y - - smtpd
      -o smtpd_tls_security_level=encrypt
      -o smtpd_sasl_auth_enable=yes
      -o smtpd_recipient_restrictions=permit_sasl_authenticated,reject

Hapo orodha za kuzuia hazina kazi kabisa. Anayejitambulisha anaingia, asiyejitambulisha hapiti. Weka badala yake kikomo cha idadi ya barua kwa kila akaunti, kwa sababu hatari ya poti hii ni nenosiri lililoibwa.

Kwenye SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka kwa alama, kizingiti cha kawaida ni alama 5.0, na kanuni kama RCVD_IN_PBL ikigonga pamoja na RDNS_NONE au RDNS_DYNAMIC zinaifikisha barua karibu sana na hapo. Kanuni ya PBL hupima IP ya mwisho iliyo nje ya mtandao wako, na ndiyo maana programu lazima ielezwe mtandao wako unaishia wapi. internal_networks ziwe seva zako zote za kupokelea, ile ya akiba ikiwemo. trusted_networks ziwe hizo pamoja na seva nyingine unazoziamini kuwa hazighushi mistari ya Received. Seva ambayo wateja wako wa modemu hukabidhi barua iandike pia kwenye msa_networks. Bila hivyo SpamAssassin itaona IP ya mteja kama mgeni aliyebisha moja kwa moja na kumpa alama za PBL. Kama seva moja inafanya kazi zote mbili, ya kupokea na ya kupitishia, usitumie msa_networks. Weka smtpd_sasl_authenticated_header = yes kwenye Postfix, na SpamAssassin itatambua kwenye mstari wa Received kwamba aliyetuma alijitambulisha.

Ukiamua kukataa, kataa wakati mtumaji bado yuko mlangoni, kwa 550 yenye sababu inayosomeka. Kupokea kisha kutupa kimya ni ukatili kwa mtumaji halali, na kupokea kisha kurudisha taarifa baadaye hupeleka taka kwa watu ambao anwani zao zilighushiwa.

Kuchuja zinazoingia bila kuzipakua

Kwenye modemu, barua taka inakula muda wa simu hata kama mwisho wake ni kufutwa. Kichujio chenye manufaa ni kile kilicho upande wa seva. Kama huduma yako ina Sieve (lugha ya kuandika kanuni za kupanga barua kwenye seva), weka kanuni ya kupeleka zenye «X-Spam-Flag: YES» kwenye folda ya taka, na utumie IMAP inayopakua vichwa vya barua tu hadi ufungue barua yenyewe. Kwa POP3, amri LIST inaonyesha ukubwa, TOP 7 0 inaleta vichwa vya barua ya saba bila mwili wake, na DELE 7 inaifuta bila kuipakua. Fetchmail, programu ya kuchukua barua kutoka kwenye seva, yenye limit 100000 huacha kwenye seva zote zinazozidi baiti hizo. Jihadhari na limitflush, inayozifuta.

Ukiendesha SpamAssassin nyumbani, tumia -L ili isiulize DNS kwa kila barua. Kichujio cha Bayes hakianzi kazi hadi kijifunze taka 200 na barua nzuri 200; wengi hukilisha taka tu na kushangaa kwa nini kimekaa kimya.

Yanayobaki kuharibika

Barua inayokwama kwa 451 siku nzima hutokea kwa anayetuma moja kwa moja. Seva nyingi hukataa kwa muda mtu asiyejulikana na kukumbuka utatu wa IP, mtumaji na mpokeaji. Akirudi baada ya dakika kadhaa anakubaliwa. Wewe unarudi na IP mpya, kwa hiyo kila mara ni mgeni. Baada ya siku tano, Postfix inakata tamaa na kukurudishia barua.

Mpokeaji akipata nakala mbili au tatu za barua ileile, laini ilikatika baada ya nukta ya mwisho kutumwa lakini kabla jibu la 250 halijafika. Seva ilishaipokea, mashine yako haikujua, ikatuma tena. Punguza ukubwa wa viambatisho, na usikate simu hadi mailq iseme foleni ni tupu.

Barua ikifika lakini kwenye folda ya taka, fungua chanzo chake upande wa mpokeaji na usome mstari wa Authentication-Results. Ukiona spf=pass lakini dmarc=fail, anwani ya bahasha na ya From ni za vikoa tofauti; rudi kwenye faili la generic. Ukiona dkim=none, seva ya kupitishia haitii sahihi kwa kikoa chako. Vyote vikiwa pass, basi angalia maneno na viungo vilivyomo ndani ya barua yenyewe.